Kushinda nyumbani siku ya machipuko siyo kukaa bure

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wenzangu wote. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nitoe la moyoni, na naomba sana usiikate kate barua hii maana jambo lenyewe watu wanaliona dogo na ndo sababu halisemwi.

Ni hivi. Baridi ikianza kulegea na machipuko yakianza kuchungulia, yaani kaskazini mwa dunia mwezi wa 3 na kusini mwezi wa 9, ukimwambia mtu leo nimeshinda nyumbani, nimepika na nimeshikashika bustani kidogo, anakujibu aa kumbe ulipumzika, au mbaya zaidi, kumbe hukufanya kitu. Hilo linanikera kweli. Siku tulivu ya namna hiyo ni siku ya kazi na ina elimu yake, tena ndo inaamua kama miezi inayokuja utakula mboga zako mwenyewe au utaishia kung'oa magugu tu. Na nyinyi wa magazetini mnachangia, manake ukurasa wa mapishi mnauweka huku na wa bustani kule, utadhani wanaopika na wanaolima hawajuani, afu kurasa zote mbili zinakimbiza watu, panda sasa, nunua sasa, badilisha mlo sasa. Mi naomba tuwaambie watu watulie, wapike polepole na waguse udongo polepole, na nitaeleza kwa nini siongei kwa hisia tu.

Nianze na udongo. Jua likiwaka siku mbili tatu mfululizo mtu anatoka mbio na jembe, hewa ina joto, ndege wanaimba, anaona tayari. Lakini hewa na udongo haviendi pamoja hata siku moja. Hewa inapata joto ndani ya asubuhi moja, udongo unaweza kuchelewa wiki kadhaa, na udongo uliolowa ndo unachelewa zaidi kwa sababu maji yanameza joto jingi mno kabla hayajaanza kupashika. Kwa hiyo wewe umevua koti na mbegu yako huko chini bado iko kwenye baridi ya mwezi uliopita.

Namna ya kujua haihitaji utaalamu. Chimba kidogo, chukua udongo wa kina cha urefu wa kidole, siyo ule wa juu uliopigwa na jua, ufinye kwenye kiganja afu fungua mkono uangalie vizuri. Ukiona limebaki donge linalong'aa, alama za vidole zimechoreka juu yake, na ukilisukuma kwa kidole gumba linabonyea tu bila kumeguka, weka jembe chini urudi jikoni. Ukilisukuma likapasuka likamwagika vipande vipande, hapo unaweza kuanza. Udongo mbichi ukilimwa, hasa wa mfinyanzi, zile nafasi ndogo ndogo ambamo hewa na maji hupita zinazibana, jua likija linakausha mabonge magumu kabisa na mizizi inahangaika msimu mzima kupenya, na huwezi kulirekebisha hilo wiki inayofuata hata ungejuta vipi. Hata kukanyaga tu kunaharibu, ndo maana anayejua akilazimika kupita juu ya tuta bichi hutandika ubao kwanza ili uzito wake usambae.

Kama unataka uhakika zaidi chukua kile kipimajoto cha jikoni cha kuchomeka kwenye nyama, kisafishe, kachomeke kwenye tuta kina cha sentimita 5 mpaka 10 asubuhi mapema kabla jua halijapiga, na urudie asubuhi kadhaa mfululizo maana siku moja haikwambii kitu. Sasa sikilizeni hesabu hii ambayo natamani kila mtu aibandike mlangoni. Mbegu ya njegere kwenye udongo wa nyuzi 5 za sentigredi inaota, ndiyo, lakini inachukua kama wiki 5 nzima. Nyuzi 10, inachukua kama wiki 2. Nyuzi 15, kama siku 9 tu. Karoti ndo kabisa, kwenye nyuzi 5 inaweza kukaa siku 50 ardhini, kwenye nyuzi 10 inatoka ndani ya siku 17 hivi. Kwa hiyo aliyepanda mapema kwa haraka na aliyesubiri wiki 3 akinywa chai yake wanaweza kuvuna karibu siku moja, tofauti ni kwamba mbegu za yule wa kwanza zimelala muda wote huo kwenye tope baridi, zikiozea humo au zikiliwa na panya na ndege. Kusubiri siyo uvivu jamani, kusubiri ni hesabu.

Afu kuna jalidi, ule umande unaoganda usiku. Wengi wanaogopa usiku wa mawingu na mvua, kumbe usiku wa hatari ni ule mzuri, anga safi, nyota zimejaa, upepo hakuna. Mawingu ni kama blanketi, yakikosekana joto la ardhi linapaa lote kwenda zake, na ile hewa baridi kwa kuwa ni nzito inatiririka mpaka mabondeni na kujikusanya kwenye sehemu za chini za bustani. Ndo maana kipimajoto cha ukutani kinaweza kusoma nyuzi 3 juu ya sifuri na bado ukakuta majani ya chini yameganda. Vitu kama njegere, spinachi, saladi na vitunguu vinavumilia baridi kiasi chake, lakini nyanya, maharage, maboga na matango usithubutu, hao hawana mzaha, hao wasubiri mpaka udongo ufike nyuzi 15 na usiku wa kugandisha uwe umepita kabisa.

Basi udongo ukishakwambia ngoja, ndo siku inahamia jikoni, na hapa ndo penye hoja yangu kubwa. Watu wanafikiri machipuko ni wakati wa shibe. Ukifungua majarida unakuta picha za nyanya nyekundu, matunda, saladi za rangi zote. Ukweli ni kwamba kwa anayetegemea ardhi yake mwanzo wa machipuko ndo wakati mgumu kuliko yote katika mwaka, mgumu hata kuliko katikati ya baridi, kwa sababu akiba ya msimu uliopita inaishia na vipya havijakomaa, vingine havijapandwa hata. Majani yanatoka kwenye miti, nje panapendeza, lakini hakuna cha kuchuma. Wakulima wa kale waliujua wakati huu na walikuwa na heshima nao. Sisi tumeusahau kwa sababu dukani kila kitu kipo mwaka mzima, na tukiusahau tunapoteza mapishi yake pia, mapishi ya vitu vikavu na vya zamani, ambayo kwa maoni yangu ndo mapishi matamu kuliko yote.

Chukulia maharage. Siku ya kushinda nyumbani ni siku ya maharage, huwezi kuyapika vizuri ukiwa unakimbia. Unayachambua mezani penye mwanga, yaliyokunjamana na yaliyotobolewa unatoa, vijiwe unatoa, kale kasauti ka maharage yakidondoka kwenye bakuli ndo unajua siku imeanza. Unayaloweka tangu usiku, asubuhi yamenenepa, ngozi imekaza, maji yamebadilika rangi. Maji hayo mwaga. Weka mapya na uyachemshe kwelikweli, yatokote, usiyaache yafukute tu, na hapa nisisitize kwa sababu ni suala la afya. Maharage mekundu hasa yana sumu ya asili ambayo inavunjwa na mchemko wa nguvu wa dakika zisizopungua 10, wengine wanashauri hata 30 kwa usalama zaidi, na ukiyapika kwenye moto mdogo usiofika kuchemka sumu hiyo haipungui, inaweza hata kuongezeka, na mtu akila anatapika vibaya ndani ya masaa machache. Wanaotumia zile sufuria za umeme za kupika taratibu wayachemshe kwanza pembeni ndo wayahamishie humo. Baada ya hapo shusha moto uende zako bustanini, maharage hayataki kusimamiwa, yanataka mtu apite apite, aonje, aongeze maji ya moto, arudi nje.

Na vitunguu vilevile. Kila maelezo ya mapishi yanakwambia kaanga kitunguu dakika 5 mpaka kiwe kahawia, jamani hapana, kitunguu kiwe kahawia na kitamu kwelikweli kwenye moto mdogo kinataka dakika 40, hata zaidi. Kwanza kinatoa machozi yake yote, sufuria inajaa maji, kinalegea kinakuwa kama hakipo, afu maji yanakauka, kinaanza kushika chini, unakwangua na mwiko, unatia tone la maji, kinashika tena, unakwangua tena, na kila ukikwangua rangi inazama zaidi na nyumba nzima inanukia. Huo ni muda ambao siku ya kazi haina, lakini siku ya machipuko yenye udongo mbichi nje inao, na unatosha kabisa kukagua mbegu zako mezani huku jicho moja liko jikoni.

Viazi vya akiba navyo wakati huu vinaanza kuota macho, na hapo watu wengi ama wanatupa vyote ama wanakula vyote, wakati ukweli upo katikati. Kiazi kigumu chenye vichipukizi vidogo, ng'oa vichipukizi na uchimbe jicho lake vizuri, kinalika. Kiazi kilichogeuka kijani sehemu kubwa, au ukikionja ni kichungu, usile, kwa sababu ile sumu yake haiishi kwa kuchemsha. Na viazi vilivyokaa kwenye baridi sana, tuseme ndani ya friji, wanga wake unageuka sukari, ndo maana ukivikaanga vinaungua rangi upesi kabla havijaiva ndani, hivyo vichemshe au weka kwenye supu. Sukari hiyohiyo ndo inafanya karoti na kabichi zilizopigwa na baridi shambani ziwe tamu namna ile, mmea unajilinda usigande kwa kujaza sukari kwenye maji yake, na anayefaidi ni mpishi. Supu ya karoti ya mwisho mwisho wa baridi haihitaji hata kiungo kingi, chumvi na kitunguu vinatosha.

Kwa upande wa viazi vya kupanda, siku hizi ndo za kuvipanga kwenye trei la mayai, macho yakiangalia juu, mahali penye mwanga lakini pa ubaridi ubaridi, wiki 4 mpaka 6 hivi, vitoe vichipukizi vifupi vinene. Vikiwekwa gizani vinatoa virefu vyeupe vinavyokatika ukivigusa tu. Viazi vya kula vinaweza kubeba magonjwa yanayobaki kwenye udongo miaka, kwa hiyo mbegu iliyokaguliwa ni salama zaidi, hilo silipigii kelele sana kila mtu na uwezo wake lakini lijulikane.

Kitunguu kilichoota kabatini usikitupe pia, kisimamishe kwenye kopo la udongo dirishani, kitakupa majani mabichi ya kutia kwenye chakula. Na njegere kavu za kawaida, zikiwa nzima na hazijawekwa dawa ya mbegu, ukizimwaga zikabanana kwenye trei la udongo hapo dirishani, baada ya wiki 2 au 3 una chipukizi za kukata kwa mkasi, tamu, zina ladha ya njegere yenyewe. Katika wakati ambao bustani haina kitu, hicho ndo kijani chako cha kwanza na kimetoka dirishani.

Dirisha lenyewe lina mambo yake. Nyanya na pilipili zinasiwa ndani wiki 6 mpaka 8 kabla ya jalidi ya mwisho, na watu wanakosea pale pale kila mwaka, wanaziweka sehemu ya joto ambayo haina mwanga wa kutosha. Joto linaiambia miche kua, mwanga mdogo unaiambia tafuta jua, matokeo yake inarefuka myembamba, inalala. Ikishaota ipunguzie joto uiongezee mwanga, igeuze trei kila siku, na ukiipitisha kiganja juu yake kidogo kidogo kama unaipapasa inakaza shina. Maji usiyazidishe. Ukiona miche iliyokuwa mizuri jana leo imenyauka shingoni usawa wa udongo na kuanguka, hicho ni kinyausi, ni ukungu unaopenda trei lililolowa lisilo na hewa, na mche ulioshikwa haurudi. Fungua dirisha mchana, acha uso wa udongo ukauke kidogo ndo umwagilie tena, ikiwezekana kwa chini. Na kabla ya kuihamishia nje ikomaze wiki 1 hivi, leo saa moja kivulini, kesho mawili, inazoea upepo na jua, ukiitoa ghafla majani yanaungua yanageuka meupe.

Mbegu za zamani nazo zipimwe siku hii hii. Lowanisha karatasi ya jikoni, panga mbegu 10, ikunje, itie kwenye mfuko wa plastiki uweke mahali pa vuguvugu, juu ya friji panafaa, baada ya wiki moja au zaidi kidogo fungua uhesabu. Zikiota 8 una mbegu nzuri, zikiota 4 panda kwa wingi zaidi, isipoota hata moja umejiokolea tuta zima na mwezi mzima wa kusubiri kitu ambacho hakiji. Mbegu za vitunguu zinachoka haraka, mwaka mmoja au miwili, za nyanya zinavumilia minne na zaidi. Kazi hii ukiwafundisha watoto wataifanya kwa furaha kuliko wewe, kila asubuhi watataka kufunua karatasi, na mtoto aliyeona kamzizi keupe kakitoka kwenye mbegu hahitaji kuhubiriwa kwa nini chakula kisitupwe.

Nije kwenye kile kinachounganisha pande zote mbili, yaani kindoo cha maganda chini ya meza ya jikoni. Maganda ya karoti, majani ya nje ya kabichi, masalia ya kahawa na chai, maganda ya mayai yaliyopondwa vizuri maana yakiwa mazima yanakaa miaka, vyote hivyo viende kwenye lundo la mboji, lakini visiende peke yake. Lundo la maganda matupu linanuka na kuteleza. Kwa kila ndoo ya vitu vibichi weka ndoo 2 au 3 za vitu vikavu, majani yaliyodondoka, maboksi yaliyochanwa chanwa, vijiti, wadudu wasioonekana kwa macho wanahitaji vyote viwili pamoja na hewa, na lundo kubwa likipangwa vizuri linapanda mpaka nyuzi 55 na zaidi, ukiligeuza asubuhi ya baridi linatoa mvuke. Nyama, mafuta na chakula cha chumvi hapana, utaita panya. Maji uliyochemshia mboga bila chumvi yakipoa kamwagie miche, yenye chumvi mwaga kwingine. Mi naona hapa ndo ukurasa wenu wa mapishi ulipaswa kuishia kila mara, kwa sentensi moja tu, maganda haya yaende wapi.

Kitu kimoja zaidi ambacho nakiombea kwa moyo wote, msiwahimize watu kusafisha bustani mapema. Picha za bustani iliyofagiwa zinavutia lakini ndani ya yale mabua makavu yenye tundu na chini ya yale majani yaliyooza kuna nyuki wadogo wa porini na wadudu wengine wa faida bado wamelala. Ukikata na kuchoma wiki ya kwanza yenye jua umewachoma wale wale ambao miezi ya mbele ulitaka waje kuchavusha maua ya maboga yako. Subiri mpaka joto la mchana lizoee kuvuka nyuzi 10 siku nyingi mfululizo, ndo ukate, na hata hapo mabua yalaze pembeni, usichome. Yale maua ya manjano ya porini yanayotoka kwenye nyasi kabla ya kila kitu, ambayo watu wanayapiga vita, ni chakula cha mwanzo cha nyuki wakati hakuna kingine, acha machache basi.

Mkate sitausema sana, wapishi wazuri wapo wa kuueleza kuliko mimi. Niseme tu kwamba jikoni pa baridi hamira haijafa, inachelewa, na donge lililoumuka polepole, hata usiku mzima ndani ya friji, linatoa mkate wenye ladha zaidi kuliko lililowekwa karibu na moto likimbizwe. Kinachoua hamira ni moto, maji yakikaribia nyuzi 60 imekwisha. Kwa hiyo asiyekuwa na haraka ndo anayekula mkate mzuri, na siku ya machipuko anayo nafasi hiyo, unakanda asubuhi, unafunika na kitambaa, unatoka kukagua tuta, unarudi donge limejaa bakuli.

Sasa ndugu Mhariri, maombi yangu kwa gazeti ni machache na yanawezekana. Mnapotoa kisanduku cha hali ya hewa, tuwekeeni na halijoto ya udongo, idara nyingi za hali ya hewa zinaipima, siyo kitu cha kubuni. Mnapoandika kupanda, msitaje tarehe peke yake, kwa sababu tarehe moja haiwezi kuwafaa wa mlimani na wa bondeni, taja nyuzi joto na hali ya udongo mkononi, hapo kila msomaji popote alipo atajipimia. Mapishi ya mwanzo wa machipuko yawe ya vitu ambavyo mtu anavyo kweli wakati huo, maharage makavu, viazi vinavyoota, karoti za mwisho, kabichi, vitunguu, siyo nyanya ambazo hata mbegu yake haijasiwa. Na tafadhali waandishi wa kurasa hizi mbili wakae meza moja hata mara moja kwa msimu.

Kuna watu wazima, wengi wao wanaishi peke yao, ambao hizi kazi zote wanazijua kwa mikono na hakuna anayewauliza. Wanajua udongo kwa kuufinya tu, wanajua sufuria kwa harufu. Wakifungua gazeti hawajioni humo, wanaona vifaa vipya na mitindo mipya. Waulizeni, wapeni safu, hata ikiwa fupi, maana wakiondoka na elimu hii hatutaipata kwenye simu, au tutaipata nusu nusu bila ile sehemu ya mkono. Na vijana wanaokaa vyumba vidogo bila hata kibaraza msiwaache nje, trei la njegere dirishani na sufuria ya maharage vinawahusu sawa na mwenye ekari.

Kama haya yote ni mengi kwa mara moja anzeni na ile halijoto ya udongo, hata kama ni mstari mmoja chini ya utabiri wa mvua, mara moja kwa wiki, kuanzia machipuko yajayo. Wasomaji wenye kipimajoto cha nyama tupo, tukiombwa tutawatumia vipimo vya matuta yetu asubuhi mapema mvilinganishe na vya idara.

Wasalaam,
Msomaji wenu wa siku nyingi